Mjomba wa Maskati Kauliza Mashine

Wiki hii mitindo na mapenzi vinapumzika, nina kesi.

Shoga yangu mmoja wa Ngamiani ana mtoto wa miaka sita, haoni tangu kuzaliwa. Mwakani anaanza darasa la kwanza. Sasa mjomba yuko Maskati, kaona kwenye simu kidude cha kufundishia nukta nundu: kinaongea, kinaimba, kinampigia mtoto makofi akipatia. Kauliza, ninunue? Shoga kaja mbio kwangu, eti mtu wa gazeti anajua kila kitu. Mie nikaenda kuuliza walimu.

Jambo la kwanza nililolikuta: kidude kinaongea lugha gani? Mtoto wetu anajua Kiswahili cha Tanga, basi. Kikianza kumsemesha Kiingereza atabaki kukipigapiga kama ngoma. La pili, ukubwa wa nukta. Herufi ya nukta nundu ina nukta zisizozidi sita, na Louis Braille, yule kijana Mfaransa aliyechapisha mfumo wake mwaka 1829, aliipima herufi itoshe chini ya ncha ya kidole kimoja. Vidude vingine vina nukta kubwa kama kunde. Kwa kuchezea wiki za mwanzo sawa, lakini kitabu cha shule hakitakuwa na kunde.

Halafu kuna Orbit Reader 20, iliyotangazwa mwaka 2016. Hiyo ni kifaa cha kweli: nukta zinainuka na kushuka zenyewe, unaweka vitabu kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na inabebeka mkononi. Wanafunzi wakubwa inawafaa sana. Ila inaonyesha mstari mmoja tu wa herufi 20. Mtoto anayeanza anatakiwa aijue karatasi nzima, juu na chini, mstari unaisha wapi, hesabu za kujumlisha zinapangwaje. Hayo kwenye mstari mmoja utamfundishaje?

Na wale mnaosema simu inasoma yote siku hizi, ya nini nukta, ngojeni kwanza. Simu inamsomea, yeye hasomi. Mwambie aandike "ng'ombe" uone hiyo ng' ataitoa wapi.

Kumbe mkongwe bado yupo ulingoni! Mashine ya Perkins, ya chuma, ilianza kutengenezwa mwaka 1951 kule Marekani. Vitufe sita, kila kimoja na nukta yake, na cha katikati cha kuacha nafasi. Mtoto akibonyeza, herufi inatoka imeinuka juu ya karatasi, anaipapasa pale pale na kujua kakosea. Kwa kibao na kijiti cha kutobolea, ambavyo ni rahisi kwa bei, unaandika kutoka kulia kwenda kushoto kisha unageuza karatasi ndipo usome. Mkubwa anazoea, wa miaka sita kichwa kitamzunguka. Perkins haijui umeme umekatika, ingawa kwa huu upepo wa chumvi wa Raskazone ifunikwe, na fundi wake umjue mapema. Vitufe vyake vizito kwa vidole vidogo. Mwache mtoto afinyange unga wa chapati nyumbani, vidole vikaze.

Tena kabla ya kutoa hela, nendeni shule atakayosoma. Kule Lushoto kuna Irente, shule ya wasioona ya KKKT, na hapa Pongwe nako wamo watoto wasioona. Muulizeni mwalimu anatumia nini. Mashine asiyoijua itaishia kabatini, na karatasi ngumu zake zikiisha je, mnapata wapi?

Jana usiku mjomba kajibu. Perkins ataitafuta, lakini ni karibu kilo tano, itamla mzigo wake wa tende. Shoga kamwambia tende aziache huko huko.