Fidia ya Mifugo Ilipwe Ng'ombe Angali Hai

Ukame wa mwaka 2008 na 2009 uliteketeza mifugo mingi katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, mkoani Arusha. Baada ya maafa hayo Serikali iligawa ng'ombe kwa kaya zilizobaki mikono mitupu. Lilikuwa jambo la huruma, wala halistahili kubezwa. Hata hivyo, kwa kipimo cha elimu ya mifugo, msaada unaofika mizoga ikiwa imekwisha kukauka ni wa gharama kubwa mno.

Sababu imo katika maumbile ya ng'ombe mwenyewe. Mtamba, hata akipandwa siku ile ile anapokabidhiwa, hubeba mimba muda wa miezi tisa hivi kabla ya kutoa tone la kwanza la maziwa. Ndama wake jike, akiwa wa asili ya zebu, huchukua yapata miaka mitatu au minne kabla naye hajazaa. Isitoshe, mvua zirudipo kila mfugaji hutafuta majike, na bei yao hupanda. Fedha ile ile ingalitolewa miezi michache mapema, ingalinunua majani makavu, pumba na dawa, na majike wengi wangaliokoka.

Je, Serikali itajuaje kabla ya vifo? Jani lililo hai hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru, na huakisi kwa wingi miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Setilaiti hupima tofauti ya miale hiyo miwili, na hesabu yake hudhihirisha hali ya malisho. Kwa msingi huo, bima ya mifugo ilianzishwa Marsabit, nchini Kenya, mwaka 2010, kutokana na utafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianza mpango wake katika Turkana na Wajir, ikiwalipia wafugaji maskini ada ya bima. Malipo hutolewa malisho yanapofifia kupita kiwango kilichowekwa, bila kungoja afisa ahesabu mizoga.

Mpango wa namna hiyo wafaa kuigwa Arusha, lakini si kwa kunakili tu. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, huzuia pepo zenye unyevu: miteremko ya kusini na mashariki husitawi, huku mbuga za kaskazini na magharibi zikikauka. Eneo la kipimo likichanganya misitu ya mlima na mbuga za Longido, wastani utaonyesha ukijani hali ng'ombe wanakufa.

Katika kata ya Lemara, jijini Arusha, shida ni nyingine kabisa. Ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani hali malisho yanayoonwa na setilaiti. Hula majani ya kukatwa na migomba iliyopasuliwa, ambayo mara nyingi hununuliwa. Njaa yake hujitokeza kwanza katika bei ya mzigo wa majani. Bei hiyo ikiandikwa kila juma, jambo ambalo hata wanafunzi wa sekondari wanaliweza, mfugaji wa mjini naye atakuwa na kipimo chake.

Linabaki suala la maghala. Fedha ikigawiwa mahali pasipo na akiba ya majani makavu, itapandisha bei ya machache yaliyopo, na wenye uwezo ndio watakaoyanunua.