Korongo Anarudi Kwao, Sisi Tunabaki



Kwetu Katanga baridi inakuja mwezi wa sita na wa saba, wakati wa kipwa. Ulaya wao wanaona baridi mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, wakati sisi tuko ndani ya mvula. Ndiyo sababu miezi ile tunapokea wageni wenye mabawa. Ninyi munaokaa Likasi, Kapolowe ao kando ya ziwa Tshangalele, inueni macho.

Mbayuwayu wa Ulaya ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini anavuka bahari na jangwa la Sahara. Korongo mweupe yeye anaogopa bahari kubwa, sababu anapandishwa na hewa ya moto inayotoka katika udongo, na juu ya maji hewa ile ni kidogo. Basi wengi wanazunguka kwa Uturuki na Misri, kisha wanafuata mto Nili. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa wanaenda wapi. Wengine waliwaza kwamba mbayuwayu wanalala ndani ya matope ya ziwa. Lakini mwaka 1822, kule Ujerumani, waliua korongo mumoja mwenye mshale wa Afrika ndani ya shingo, urefu karibu sentimeta 80. Alikuwa ameruka nao njia yote! Nabii Yeremia (8:7) alisema zamani kwamba ndege hao wanajua majira yao, na watu ndio wasiojua.

Sasa tuseme juu ya mwenyeji. Ziwa letu si la kale. Lilitokea wakati walipofunga mto Lufira kwa baraje ya Mwadingusha, umeme wa kwanza ukatoka mwaka 1930 kwa ajili ya kazi ya shaba. Mwaka 1960, Mubelgiji Jean-Claude Ruwet alikamata hapo ndege mudogo wa manjano, uso mweusi, mwenye kusuka kiota chake juu ya maji. Mwaka 1982 wenye elimu walimpa jina, Ploceus ruweti. Anajulikana paka katika bonde la Lufira. Mwaka ule ule UNESCO iliandika Lufira kati ya mahali pa kulindwa.

Wazazi, hapa ndipo neno langu. Maji ya viwanda vya madini yanashuka kwa mito mpaka ndani ya ziwa, pamoja na udongo. Wenye elimu wamepima na kukuta shaba na kobalti ndani ya samaki. Kuna pia wavuvi wanaotia sumu ndani ya maji. Korongo, akiona mahali pameharibika, atatafuta ziwa lingine. Yule mudogo wa manjano ataenda wapi? Na mutoto wako anayekula samaki yule yule, yeye ataenda wapi? Ezekieli 34:18 inahukumu wale wanaokunywa maji safi, kisha wanachafua kwa miguu yale yaliyobaki. Neno hili linagusa wakubwa wa kazi, linagusa pia muvuvi mwenye sumu.

Basi, siku moja ya juma, asubuhi mapema, baba ao mama apeleke watoto kando ya maji. Wakae kimya. Waandike katika daftari tarehe, aina ya ndege, na hesabu yao. Mipira ya kurusha mawe ibaki nyumbani. Kisha miaka miwili ao mitatu, daftari lile litaonyesha kama ndege wanapunguka, na mutakuwa na ushuhuda wa kupeleka mbele ya chefu na wenye kazi. Mutu hasikilizwi akilalamika tu, lakini hesabu ni ngumu kuikataa.

Kwa mazungumzo nyumbani:
1. Ndege gani tuliwaona zamani na leo hatuwaoni tena?
2. Sisi wenyewe tunatupa nini ndani ya muto?
3. Nani katika kanisa letu anaweza kutunza daftari?

Bwana awalinde, ninyi na maji yenu.