Figo ya Ndugu: Mbona Hatuizungumzi?

Hapa Turiani mtu akiambiwa figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, ukoo hukutana. Gunia la mpunga linauzwa, mbuzi anauzwa, nauli inapatikana. Lakini katika vikao hivyo swali moja haliulizwi: nani kati yetu anaweza kumpa figo moja? Ukimya huo unatupotezea watu.

Kusafishwa damu kwa mashine ni mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara, na hakuna mwisho. Zamani aliyehitaji kupandikizwa figo alipelekwa India. Tangu Novemba 2017 kazi hiyo hufanyika Muhimbili, na tangu 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Madaktari wapo. Figo ndiyo haipo, maana hainunuliwi dukani. Hutoka kwa ndugu aliye hai.

Tunasikia ikisemwa kwamba aliyetoa figo hubaki nusu mtu, halimi wala hazai. Si kweli. Kwa mtu mwenye afya, figo inayobaki huongeza kazi yake na kutosheleza mwili. Ronald Herrick wa Marekani alimpa pacha wake figo tarehe 23 Desemba 1954, naye mtoaji akaishi hadi 2010, akiwa na miaka 79. Akina mama waliotoa figo wamezaa, ingawa mimba zao huhitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Hatuwafichi hatari. Huu ni upasuaji mkubwa. Huko Marekani, kuanzia 1994 hadi 2009, kati ya watoaji 10,000 walikufa kama 3. Ndiyo maana mtoaji hupimwa sana kwanza, na mwenye kisukari kwa kawaida hukataliwa.

Kanisa halikatazi. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II aliutaja utoaji wa viungo, ukifuata maadili, kuwa tendo la kishujaa la kila siku. Mwaka 2000, mbele ya wataalamu wa upandikizaji huko Roma, alipinga biashara ya viungo na kutaka mtoaji aridhie mwenyewe, akijua anachokifanya.

Hapo tuna neno kwa wajomba, ambao katika koo zetu nyingi sauti yao ni nzito. Mjomba aitishe mazungumzo, asimwamuru mpwa wake. Na kijana akisema hapana, asiitwe mchawi wala asinyimwe shamba.