Mmea una feni, mwenye chumba hana dirisha

KIJANA mmoja wa miaka 23 alikuja kuniona kliniki katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, akiandamana na mama yake. Alikuwa amekohoa kwa wiki saba. Alikwisha kumaliza chupa nne za dawa ya kikohozi, na kila usiku alitokwa na jasho hadi shuka zikalowa. Mama alipotoka nje kidogo, kijana alinisogelea na kuniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Daktari, kabati likifungwa, hewa inafaa kupitia wapi?"

Kumbe alikuwa amepanda miche mitatu ya bhangi ndani ya kabati la nguo, akaweka taa na feni ndogo. Ili harufu isiwafikie majirani, alikuwa amefunika dirisha la chumba kwa kadibodi na kuziba nafasi iliyo chini ya mlango kwa blanketi kuukuu. Majani yalikuwa yameanza kushika ukungu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi kuliko kikohozi chake.

Kisa hiki nakisimulia kwa idhini yake, bila jina. Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 inaharamisha kupanda bhangi humu nchini, na kuhusu kabati sikumpa ushauri wowote isipokuwa aliondoe. Vumbi la ukungu hudhuru mapafu, na nyaya zilizoungwaungwa karibu na nguo ni moto unaosubiri siku yake. Lakini lililonishangaza zaidi ni kwamba kijana huyu aliufikiria mmea wake kuliko alivyojifikiria yeye. Mmea ulikuwa na feni, naye amelala katika chumba asichoweza kupumua vizuri, pamoja na marafiki watatu waliokuja kila jioni kuvuta naye.

Makohozi yake yalipopimwa, alipatikana na kifua kikuu, yaani TB.

Msomaji mpendwa, TB haienezwi kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Mgonjwa akikohoa, viini vidogo mno hubaki vikielea hewani kwa muda mrefu, hata baada yake kutoka chumbani. Katika chumba chenye hewa inayopita, viini hivyo hutawanyika na kuondoka. Katika chumba kilichozibwa hurundikana, na kila aliyemo huvivuta. Mwaka 2004, maafisa wa afya mjini Seattle, Marekani, walichunguza mlipuko wa TB miongoni mwa vijana wavutaji bhangi. Baadhi yao walikuwa na mazoea ya kuvutia ndani ya gari lililofungwa madirisha yote. Blanketi lililo chini ya mlango hapa Eastlands hufanya kazi ile ile.

Nchi yetu haina nafasi ya kulifanyia mzaha jambo hili. Utafiti wa kitaifa uliokamilika mwaka 2016 ulikadiria wagonjwa 558 wa TB kwa kila watu wazima 100,000, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na wanaume waliathirika zaidi kuliko wanawake. Wengi wao walikuwa hawajulikani hospitalini. Walikuwa nyumbani, wakikohoa.

Hata hivyo, nisingependa msomaji asiyevuta bhangi afunge ukurasa huu akidhani haumhusu. Nimewahi kuingia nyumba za chumba kimoja katika Huruma, Pipeline na Kayole ambamo familia ya watu watano hulala, wakipika mle mle. Mara nyingi dirisha lipo, lakini limezibwa na kabati, au limegongomewa misumari kwa hofu ya wezi, au linafungukia ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono mmoja.

Ifikapo Juni na Julai, baridi huleta hatari nyingine. Watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Wengi huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi kuisha, jiko ni salama. Hilo si kweli. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hupata usingizi mzito tu, na huenda asiamke.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo la hewa, huenda anayeziba kila ufa akachimba kaburi.

Dawa yake si ghali. Hewa haiwezi kuingia mahali isipopata pa kutokea, kwa hivyo panahitajika matundu mawili, hasa katika kuta zinazotazamana. Asubuhi fungua dirisha na mlango kwa pamoja. Usiku acha dirisha wazi kidogo. Kama unahofia wezi wanaovuta nguo kwa ndoano, weka vyuma na wavu wa waya badala ya kadibodi. Sogeza kabati lisizibe dirisha, na jiko libaki nje. Watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, walichapisha mwaka 2007 kwamba wodi zilizofunguliwa madirisha na milango zilibadilisha hewa takriban mara 28 kwa saa, kuzishinda zile zilizotegemea mitambo.

Lakini mpangaji hawezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Hapa nasema waziwazi: mwenye ploti anayejenga ghorofa saba huku akibana madirisha ili apate chumba kimoja zaidi, anavuna kodi kutoka kwa mapafu ya watu. Nayo kaunti, inayoidhinisha ramani za majengo, ikague pia madirisha kabla ya mpangaji wa kwanza kuhamia. Kuzuia mgonjwa mmoja kuambukiza jamaa zake ni nafuu kuliko kuwatibu wote.

Yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi aache kununua chupa za dawa na aende akapimwe. Matibabu ya TB hayalipishwi katika hospitali za umma, na kwa kawaida huchukua miezi sita.

Kijana wetu yuko katika mwezi wa nne. Uzito umerudi na jasho la usiku limekoma. Mama na dada yake walipimwa, hawakuwa na ugonjwa, wakapewa dawa za kinga. Kati ya marafiki wale watatu, mmoja alipatikana na TB. Kabati sasa lina nguo. Kadibodi aliing'oa dirishani mwenyewe, na mama yake aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alipogundua chumba cha mwanawe hupata jua la asubuhi.