Sista, hii dawa ni ya nini?

Tuseme ni saa kumi na mbili jioni. Uko wodini katika hospitali ya umma, umekalia ukingo wa kitanda cha mamako, na muda wa kuwaona wagonjwa unakaribia kuisha. Muuguzi anapita na kigari cha dawa, anampa vidonge viwili, anasema "Mama, meza," kisha anasonga kitanda kinachofuata. Mamako anakutazama. Hajui ni dawa za nini. Wewe pia hujui. Ungependa kuuliza, lakini umemsikia mgonjwa wa kitanda jirani alivyojibiwa: "Kwani wewe ni daktari?" Unanyamaza.

Kimya hicho kina gharama. Mamako ana presha. Wiki mbili zilizopita dawa zake ziliisha na hakuwa na pesa za kununua nyingine, akawa anakunywa mitishamba aliyoletewa na jirani. Hajamwambia mtu hapa hospitalini. Mara ya mwisho aliposema ukweli wa aina hiyo kliniki, alikemewa mbele ya foleni nzima. Kwa hivyo alipoulizwa kama anameza dawa, alijibu "ndiyo", na faili yake imeandikwa hivyo. Atakayemtibu kesho ataona presha iko juu licha ya dawa, na huenda akamwongezea nyingine ambayo hakuihitaji.

Umeona tatizo liko wapi? Dawa ipo, mashine ya kupima ipo, mhudumu yupo. Kilichokosekana ni mazungumzo.

Hili si jambo geni kwa wauguzi wenyewe. Tangu mwaka wa 1952, muuguzi Mmarekani Hildegard Peplau alipochapisha kitabu chake kuhusu uhusiano wa muuguzi na mgonjwa, taaluma hii imekuwa ikisisitiza kwamba uhusiano huo ni sehemu ya tiba. Na mambo yanayotakiwa si magumu kuyaelewa. Jitaje jina. Mtazame mgonjwa usoni. Badala ya "umemeza dawa?" uliza "umekuwa ukizimeza vipi hizi dawa nyumbani?" halafu subiri jibu. Ukimaliza kumweleza, mwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe, ili ujue kama mmeelewana. Na usimpe matumaini ya bure. Ukimwambia mtu anayeogopa upasuaji "usijali, utapona", mara nyingi umemfunga mdomo. Ukimwuliza "ni nini hasa kinachokutia hofu?", huenda akakwambia jambo ambalo daktari anapaswa kulijua kabla ya kuanza kazi.

Basi mbona hatulioni hilo kwa wodi zetu? Jibu rahisi la mtandaoni ni kwamba wauguzi wa serikali wana roho mbaya. Na kusema kweli, kuna visa vinavyotia hasira. Mwaka wa 2013, mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma, kisha wauguzi wakamtukana na kumpiga kofi. Kuna aliyenasa tukio hilo kwa simu. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka wa 2018 jaji akaamua kwamba haki zake za afya na heshima zilikiukwa. Akaagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na aombwe msamaha rasmi.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya stori. Mwaka huohuo wa 2017 tulipopata sheria mpya ya afya, wauguzi wa kaunti walikuwa kwenye mgomo ulioanza Juni na kumalizika Novemba. Mwaka wa 2025, wahudumu wa mpango wa UHC walioajiriwa kwa kandarasi walipiga kambi nje ya Afya House jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Muuguzi ambaye ana wodi nzima usiku peke yake, hajui kandarasi yake itaishaje, hana dakika kumi za kukaa na mamako. Ana dakika moja, na hiyo moja inatakiwa na dripu iliyoisha kitanda cha mwisho.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba ujuzi wenyewe upo. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano mwaka wa 2021 ya kuwapeleka wahudumu wa afya wetu kule. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza hufanya mtihani wa vitendo, na sehemu ya kinachopimwa ni jinsi anavyoongea na mgonjwa. Wakenya wanaufanya na wanapita. Ni mtu yuleyule aliyesomea hapa. Kilichobadilika ni kwamba kule kuna anayeangalia kama amejitambulisha na kueleza, ilhali hapa anahesabiwa vitanda tu. Kaunti zikianza kupima mazungumzo jinsi zinavyopima idadi ya wagonjwa waliohudumiwa, mambo yataanza kubadilika hata kabla ya wauguzi wengine kuajiriwa.

Hata hivyo, uchovu una mipaka yake kama kisingizio. Unaweza kueleza jibu fupi, hauwezi kueleza kofi.

Na usidhani hili ni suala la wazazi wetu pekee. Msichana wa miaka 19 akienda kliniki kutafuta njia ya kupanga uzazi na kuulizwa kwa sauti "na wewe mdogo hivi?", harudi. Siku nyingine ataingia duka la dawa, anunue P2, aondoke bila kuulizwa chochote. P2 haizuii virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Kijana wa kiume anayeona haya kueleza dalili zake naye atanunua antibiotiki bila kupimwa. Sentensi moja ya dharau inaweza kumfanya mtu akae mbali na hospitali miaka mingi.

Sasa, wewe unaweza kufanya nini? Kwanza, jua kwamba ukiuliza hujakosea. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, vipimo na matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake. Inasema aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kama nyanyako anaelewa Kikamba au Dholuo pekee, kuomba mtu wa kumtafsiria si usumbufu.

Pili, sheria hiyohiyo inakupa wajibu. Unatakiwa kutoa habari za kweli kuhusu afya yako na kumheshimu anayekuhudumia. Kwa hivyo mtie mamako moyo aseme kuhusu mitishamba. Na usiingie wodini ukifoka huku simu imewashwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili hakuomba kuonekana TikTok, na habari za afya yake zinalindwa na sheria ya data ya 2019.

Tatu, ukidhulumiwa, usiishie kupost. Una haki ya kulalamika na malalamishi yako yachunguzwe. Andika tarehe, saa, wodi na maneno yaliyosemwa, kisha umpelekee msimamizi wa hospitali kwa maandishi na ubaki na nakala.

Turudi wodini. Muuguzi bado hajafika mlangoni. Mfuate taratibu, usimwite ukiwa mbali. "Sista, samahani, najua uko na kazi nyingi. Mimi ni mtoto wa huyu mama wa kitanda cha sita. Hii dawa ni ya nini? Na kuna kitu anataka kuwaambia kuhusu dawa zake za nyumbani." Huenda akakujibu kwa mkato. Lakini pia huenda akasimama, arudi na faili, na kuifungua upya. Ukweli wa mamako ukiandikwa mle kabla ya daktari kupita asubuhi, utakuwa umemsaidia kuliko matunda uliyomletea.