Kibanja Kimepikwa

Kila Desemba, mabasi ya Bukoba yakianza kujaa, simu za vijana wa Kihaya nazo hujaa picha za aina moja: jani la mgomba limetandikwa chini, ndizi zimepakuliwa juu yake zikifuka moshi, maharage yamejichanganya humo, na mikono saba au minane imezunguka. Chini ya picha kuna maneno: chakula cha bibi, urithi wetu, hakuna kama nyumbani. Sina ugomvi na ndizi. Ninazila, na nikikaa Dar es Salaam wiki mbili bila kuzipata ninakuwa mtu mbaya. Ugomvi wangu ni na hilo neno urithi, kwa sababu bibi anayesifiwa kwenye picha, kwa kawaida, hajarithi kitu.

Tuanze na udongo, maana wengi wetu tuliosomea mijini tunadhani kibanja ni zawadi ya Mungu. Sehemu kubwa ya ardhi ya kwetu ni rweya: nyasi na udongo mwembamba uliochujwa na mvua. Panda mgomba kwenye rweya tupu, usiongeze kitu, utavuna mkungu wa kuchekesha. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kimetengenezwa. Nyasi zilikatwa rweya, zikatandazwa sakafuni, zikakanyagwa mpaka zikachoka, kisha zikatolewa na kuwekwa kwenye mashina. Samadi ya ng'ombe ikafuata njia hiyo hiyo. Na kila siku maganda ya ndizi, maganda ya maharage na majivu ya jikoni vilimwagwa migombani. Ndiyo maana mpaka leo, ukizunguka kibanja cha mtu, migomba iliyo karibu na jiko ndiyo minene, na ile ya mpakani imekonda kama imesahauliwa. Wataalamu wa udongo huiita kazi hii uhamishaji wa rutuba. Bibi yangu hakuiita kitu. Alibeba tu.

Sasa jiulize nani alimenya hizo ndizi. Nani alikwenda rweya na mundu, akarudi na mzigo wa nyasi kichwani na mtoto mgongoni? Nani alizoa majivu? Wanaume walipogoa migomba, walichuma kahawa, walikanyaga ndizi za kutengeneza rubisi. Siwanyimi haki yao. Lakini ukipima rutuba ya kibanja kwa kilo, mapishi yana sehemu kubwa sana humo. Shamba la ukoo limepikwa. Na waliolipika, hili ndilo huwa linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja, wengi wao hata si wa ukoo. Ni wake walioolewa kutoka koo nyingine, wakarutubisha ardhi ya watu miaka arobaini, hamsini. Hiyo ardhi tunayoambiwa haitakiwi kutoka nje ya ukoo ilijengwa na mikono iliyotoka nje ya ukoo.

Fungua Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, sehemu ya urithi. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo: hiyo ataitumia tu, hawezi kuiuza, ila kama hakuna mwanamume wa ukoo huo. Kanuni ya 27 inasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Isome tena hiyo ya pili, taratibu. Sheria yenyewe imekiri kwamba mama alitunza. Imeiona kazi yake, imeitaja, halafu imemlipa kwa ahadi ya wema wa watu wengine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walithibitishwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wajane wengi walijifunza thamani ya ahadi hiyo. Mume alizikwa kibanjani, na kabla majani ya matanga hayajakauka shemeji alikuwa anaulizia mipaka.

Yupo mwanamke mmoja ambaye kila binti wa Kihaya angepaswa kufundishwa jina lake shuleni: Holaria Pastory. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, mwaka 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephraim, akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda kutoka Mahakama ya Mwanzo, Muleba, mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, inayokataza ubaguzi. Mpwa akashindwa. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba tatizo ni serikali. Yapo yaliyobaki, ni kweli: mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliikosoa Tanzania kwa sababu ya kanuni hizo hizo za 1963, baada ya wajane wawili kupeleka malalamiko yao huko. Lakini mengi ya kutuumiza hayafiki mahakamani kamwe. Yanamalizwa sebuleni, baada ya msiba, watu wakiwa bado wamevaa khanga za matanga.

Kwetu yalimalizwa hivyo. Shangazi yangu alirudi kutoka kwenye ndoa yake akakaa na wazazi, akawauguza wote wawili, akakitunza kibanja miaka kumi na tisa. Mnyauko wa migomba ulipofika kijijini, yeye ndiye aliyekuwa anapita asubuhi na mti wenye panda kukata maua dume, anababua kisu kwenye moto, anang'oa shina lililougua akiwa analia. Babu alipofariki, kikao cha ukoo kilimpa “sehemu ya kulima mpaka Mungu atakapomchukua.” Kibanja kikaenda kwa baba yangu mkubwa, anayeishi Mwanza. Si mtu mbaya. Alifanya ambacho mtu wa mbali hufanya: alikikodisha kwa mfanyabiashara. Mikungu sasa hupakiwa kwenye lori ikiwa mizima, na maganda yake huozea kwenye majalala ya mjini. Hakuna majivu yanayorudi. Migomba ya nyuma ya jiko imeanza kufanana na ya mpakani, na shangazi hununua ndizi sokoni.

Huwa naambiwa: binti ataolewa, ardhi itapotea. Vijana wa kiume hawauzi? Nendeni mkaone mabango ya “shamba hili haliuzwi” yalivyojaa, halafu mjiulize yaliwekwa kuwazuia akina nani. Naambiwa pia kwamba binti ana kwao kwa mumewe. Kwa mumewe yeye ndiye mgeni wa Kanuni ya 27. Na wapo wanaosema, kwa upole wa kisomi, kwamba urithi wa kweli ni maarifa, si hati, kwa hiyo tuandike mapishi. Tuandike. Lakini mapishi ya kwetu huanza kabla ya sufuria: yanaanza kwa kujua ndizi ipi ipo nyuma ya jiko na ipi ya kukamulia pombe, na maganda yanarudi wapi. Kitabu hakiwezi kumpa mtu mahali pa kumwaga maganda.

Baba yangu ana kibanja chake, alichonunua mwenyewe, na mama yangu amekipika miaka thelathini na moja. Nimemwomba aandike wosia wenye jina la mama na majina yetu wote sita, wasichana na wavulana, na ausome akiwa hai, familia ikiwa imekusanyika. Amesema tutaona. Nimewaambia kaka zangu kwamba tarehe 26 tutakapokutana mimi na dada zangu hatutamenya ndizi hata moja mpaka wosia usomwe. Mmoja ameuliza tutakula nini. Mwingine ametuma ujumbe usiku, peke yake, akiuliza hati ya kibanja ipo kwa jina la nani hasa.