Meza ya Ngozi na Meza ya Baruti Zisiwe Moja

Ndugu wasomaji, katika vijiji vyetu kumeingia maneno ambayo haifai kuyaacha yapite bila kujibiwa. Wako wawindaji, na vijana wenye mikono hodari, wasemao hivi: mwanamume mwenye akili na awe na meza ya kazi nyumbani kwake, upande mmoja ashone ngozi, na upande wa pili ajaze tena maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Wasema kwamba Marekani watu wengi hufanya hivyo majumbani mwao. Basi kwa nini sisi tusifanye? Nusu ya maneno hayo naikubali kwa moyo wote. Nusu ya pili naikataa, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza ile nusu iliyo njema. Nchi ya Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, tena mbuzi na kondoo wengi. Lakini tazameni ngozi zao. Mnyama huchinjwa, huchunwa kwa haraka, ngozi hutobolewa kwa kisu, kisha hutupwa juani hata ikawa ngumu kama ubao, au huachiwa mbwa. Na mwenye ng'ombe huyo huyo huenda mnadani kununua mshipi wa ngozi bandia, ambao hupasuka kabla ya mwaka kwisha. Je, hiyo ni akili?

Dawa ya kutengeneza ngozi tunayo. Magome ya miwati yana tanini nyingi, na huko Njombe kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya dawa hiyo. Ngozi ilowekwayo katika maji ya magome hutaka majuma mengi, wala haiivi upesi kama ile ya viwandani itengenezwayo kwa kromu. Lakini hutoka imara, hukubali kukunjwa, na hushika chapa. Hiyo ndiyo ngozi ya mshipi, ya ala ya kisu, ya mkoba na ya makubadhi.

Na meza yenyewe haina gharama kubwa. Zatosha mbao za mti mgumu, miguu isiyoyumba, na kimo cha kiunoni. Nayo iwekwe karibu na dirisha ili mwanga usikosekane. Juu yake pawe na ubao wa kukatia, jiwe bapa la kugongea, kisu kikali na kinoo chake, bikari ya kuchora mstari wa mshono, maharazi ya kutobolea, nyundo ya mti, sindano mbili, uzi imara wa kitani, na donge la nta ya nyuki. Mshonaji hupitisha sindano zote mbili katika tundu moja, kila moja kutoka upande wake. Mshono huo waushinda ule wa cherehani. Maana wa cherehani ukikatika mahali pamoja, waweza kufumuka; bali huu, uzi mmoja ukikatika, wa pili bado washika.

Wako wadharauo kazi hii, wakisema ni ya wanyonge, tena yanuka. Hao nawauliza: hamkusoma katika Matendo ya Mitume kwamba Petro alikaa siku nyingi Yafa, nyumbani mwa Simoni mtengenezaji wa ngozi? Ikiwa mtume hakuona haya kulala katika nyumba ile, sisi wenye vyeti vya shule twaona haya gani?

Sasa natazama nusu ya pili, yaani baruti.

Wasema, "Wamarekani hufanya." Ni kweli. Sheria ya nchi yao ya mwaka 1968 hutaka leseni kwa watengenezao risasi za kuuza. Ajazaye za kutumia mwenyewe hadaiwi leseni hiyo. Lakini wasemaji wetu hawatuambii yaliyosalia. Mmarekani mwangalifu hununua baruti ya kiwandani yenye jina lake; hupima kwa mizani ya kitu kidogo sana; hufuata kitabu cha vipimo vilivyojaribiwa na wenye kiwanda; huvaa miwani ya kulinda macho; haweki mezani baruti za namna mbili kwa wakati mmoja; wala havuti tumbako mahali pale. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa kuwa baruti ikitiwa mara mbili katika ganda moja, bunduki yaweza kupasuka usoni pa mpigaji. Na huku kwetu, atakaye kumwiga ana nini? Ana gobore lililofuliwa kijijini, ana baruti asiyojua asili yake, na kijiko cha kupimia. Kuliiga tendo na kuiacha nidhamu yake ni kujitafutia msiba.

Tena fikirini juu ya kuziweka kazi hizi mbili mezani pamoja. Gundi ya viatu na rangi za spiriti hutoa mvuke ushikao moto upesi. Mshona ngozi huyeyusha nta kwa moto, naye hugonga nyundo mchana kutwa. Fataki ya risasi nayo imeundwa ili ilipuke igongwapo. Ndiyo kazi yake. Ni mtu gani mwenye busara awekaye vitu hivyo pamoja? Hata ngozi na risasi zenyewe hazipatani: tanini iliyomo katika ngozi hula shaba, na risasi zikikaa siku nyingi katika mshipi wa ngozi, maganda yake huota kutu ya kijani.

Liko na jambo lisiloonekana kwa macho. Risasi si jina la kitu kiuacho tu. Ni jina la madini pia, na madini hayo ni sumu. Masizi ya fataki na vumbi la maganda yaliyotumika huwa nayo mara nyingi. Vumbi hilo hushika mikono, hushika nguo, hushika vipande vya ngozi vilivyomo mezani, na mwisho hufika katika chakula. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara; na waumiao zaidi ni watoto wadogo, maana sumu hiyo huharibu ubongo ungali unakua. Nasi twajua nyumba zetu zilivyo: penye meza ya baba ndipo mtoto alapo, achezapo na alalapo.

Watajibu, "Risasi za dukani ni ghali, na wanyama wamaliza mashamba." Shida hiyo ni ya kweli, wala siidharau. Walakini Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania, ya mwaka 2015, hairuhusu mtu kutengeneza risasi pasipo leseni. Mwenye nyumba akifungwa, shamba hilo litalimwa na nani? Ziko njia nyingine. Huko Sagalla, karibu na Tsavo katika Kenya, wakulima wamezungushia mashamba waya wenye mizinga ya nyuki, na tembo wengi hugeuka kwa kuwaogopa nyuki. Mkulima hupata asali, na nta ya kupakia uzi wake. Kwa nguruwe kuna boma la miiba na kukesha kwa zamu. Na mnyama wa hatari apelekewe habari afisa wa wanyamapori.

Mwisho watasema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya kumfariji aliyekwisha kufiwa, haikutungwa ili mzembe ajifiche nyuma yake. Mtoto aokotaye fataki chini ya meza ya baba yake, akaigonga kwa jiwe hata akapoteza vidole au jicho, hakupatwa na ajali isiyo na kinga. Kinga ilikuwako, nayo ni kutokiweka kitu hicho nyumbani.

Basi ndugu, nataka mambo matatu. Mwenye bunduki ya halali na anunue risasi katika duka lenye leseni, azifungie kwa kufuli mbali na watoto, wala asijaribu kuzijaza mwenyewe. Wazee wa kijiji wasinyamaze wakijua nyumba iwekwamo baruti. Na kila mzazi mwenye kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, amtengenezee meza ya ngozi mwaka huu, ampeleke kwa fundi ajifunze kuchuna bila kutoboa, kuloweka, kukata na kushona. Miguu ya watu wa kijiji yataka viatu kila siku, na ngozi ya kuvishonea inaoza uani.